Wanafunzi Wetu Walipoteremka Ziwani

Mwaka jana, mwezi Septemba, binti yangu alirudi kutoka shuleni akiwa na barua mkononi. Anasoma kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari hapa Mbinga. Barua ilitoka kwa mwalimu wao wa historia. Aliomba wazazi watoe ruhusa na mchango kwa ajili ya safari ya masomo ya siku tatu, kwenda Mbamba Bay na Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa.

Niliisoma mara mbili, nikaikunja, nikaiweka chini ya kitambaa cha meza. "Tutaona," nilimwambia. Akina mama wenzangu, mnajua maana ya neno hilo. Ni "hapana" ya mtu asiyetaka kuulizwa sababu.

Sababu yangu haikuwa fedha. Ilikuwa ni ziwa lenyewe, na nitaieleza mbele kidogo.

Wiki iliyofuata tuliitwa kwenye mkutano wa wazazi. Mama mmoja alisema malipo ya kahawa bado hayajatoka. Baba mmoja alisema wasichana wakilala nje ya nyumbani wataharibika tabia. Mwingine akauliza, "Ziwa lipo siku zote. Kule kuna nini cha kusoma zaidi ya usipa?" Tukacheka wote.

Mwalimu hakucheka. Alituambia kwamba Ulaya na Marekani zipo shule zinazowapeleka wanafunzi wao Ugiriki, Italia na Misri wakajifunze historia na utamaduni wa Bahari ya Kati, ile inayoitwa Mediterania. Wanapelekwa kwa sababu ndiko Ulaya, Asia na Afrika zilikokutana. Wamisri, Wafoinike, Wagiriki na Warumi waliivuka bahari hiyo kwa biashara na kwa vita. Hata Mtume Paulo aliivuka, mpaka jahazi lake likavunjikia Malta.

"Watoto wetu wanayasoma hayo vitabuni, na kuwapeleka huko hatuwezi," alisema mwalimu. "Lakini sisi nasi tunayo maji yaliyozungukwa na nchi tatu: Tanzania, Malawi na Msumbiji. Nayo yamevukwa na wafanyabiashara, wateka watumwa, wamisionari, askari na wavuvi. Na huko Liuli kuna jiwe lililoipa bandari jina la kutoka Misri. Nani kati yenu amewahi kuliona?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Nami sikunyoosha, ingawa nilizaliwa katika kijiji kisicho mbali na Liuli na nilikua nikilitazama jiwe hilo.

Mkutano ulikubali. Shule ikahitaji muuguzi wa kufuatana na wasichana, na macho yote yakanigeukia, kwa kuwa kanisani hujitolea kuwafundisha vijana mambo ya afya. Nilikubali. Nikajisemea moyoni kwamba ikiwa ni lazima mwanangu aende, basi niende nikamlinde mimi mwenyewe.

Mashimo ya Umatengo

Tuliondoka alfajiri, wasichana ishirini na sita, walimu wawili na mimi. Hatujafika mbali mwalimu alisimamisha basi dogo na kuwataka wasichana waangalie mlima ng'ambo ya bonde. Mlima mzima ulikuwa umechorwa mashimo ya miraba, safu kwa safu, kama sega la nyuki. Ni ngoro, kilimo cha Wamatengo.

Aliwataka wanaojua waeleze, na mikono ikainuka mingi. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatizana mpaka ifanye miraba. Kisha wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo. Nyasi zinaoza na kuwa mbolea. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kuporomosha udongo. Maharage hupandwa juu ya matuta, na baadaye mahindi. Wazee wanaeleza kwamba Wangoni walipoingia nchi hii katika karne ya 19, Wamatengo walibanana milimani kwa usalama wao, ikabidi walime miteremko mikali bila kuiua ardhi.

"Wakulima wa kale wa Ugiriki na Italia nao walijenga matuta ya mawe milimani kwa ajili ya mizeituni na mizabibu," mwalimu aliongeza. "Watalii wanasafiri kwenda kuyapiga picha."

Msichana mmoja akasema, "Mama yangu analima hivi kila mwaka, lakini sikujua kwamba hii ni historia." Sikuweza kumcheka. Nami nimepita hapo miaka mingi nikiona mashimo tu.

Kuteremka Mbamba Bay

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 hivi, na siku hizi ni lami. Zamani safari hii ilikuwa ya kutwa nzima, na masika gari liliweza kulala njiani. Unazunguka milima, masikio yanaziba, baridi inakuacha na joto linakupokea. Ghafla ziwa linajitokeza chini, la buluu, halina mwisho. Wasichana waliokuwa hawajawahi kuliona walipiga kelele kwa furaha. Mimi niliangalia magoti yangu.

Ziwa hili ni la tatu kwa ukubwa barani Afrika. Urefu wake ni kama kilomita 580, na mahali penye kina kirefu hufikia mita 700 hivi. Aina za samaki waliomo ni nyingi kuliko za ziwa lingine lolote duniani. David Livingstone alilifikia Septemba 1859 kwa upande wa kusini, akaandika jina alilolisikia kwa wenyeji. Nyasa kwa lugha zao maana yake ni maji makubwa, yaani ziwa. Kwa hiyo tunaposema Ziwa Nyasa tunasema "Ziwa Ziwa". Wasichana walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Mchana tulikula ugali wa muhogo na usipa kwa mama ntilie wa pale mjini, kisha tukaenda kuona bandari. Mwalimu aliwasimulia habari za MV Songea na MV Iringa, meli ambazo wazazi wengi wa kusini walizipanda kwenda Kyela wakati barabara zilipokuwa mbaya. Aliwaonyesha pia upande wa magharibi, ng'ambo, iliko Malawi. Zamani majahazi ya watumwa yalivuka kutoka kule kuja upande huu, na mateka wakatembezwa kwa miguu mpaka Kilwa kwenye Bahari ya Hindi. Hapo kelele zilikwisha. Binti mmoja aliuliza kama watoto nao walitembezwa. Mwalimu akajibu, "Watoto na mama zao."

Jiwe la Liuli

Asubuhi ya pili tulifuata njia ya mwambao kwenda kaskazini hadi Liuli. Katika ghuba yake yamesimama majabali makubwa majini, na linalojulikana zaidi huitwa Pomonda. Wajerumani walipofika waliona katika majabali hayo umbo la Sphinx, ile sanamu ya Giza huko Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Wakaiita bandari Sphinxhafen, yaani Bandari ya Sphinx. Hata Manda, mbele zaidi, waliiita Wiedhafen. Wasichana waliinamisha vichwa huku na huku wakimtafuta simba. Baadhi walimwona, wengine walisema wanaona kuku aliyelala.

Hapo ndipo ilipotokea habari ambayo hata watu wa mbali wameiandika. Wajerumani walikuwa na meli yao ziwani, Hermann von Wissmann. Waingereza walikuwa na yao, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades. Manahodha hawa wawili walikuwa marafiki. Agosti 13, 1914, Gwendolen ilifika Liuli na kuifyatulia mizinga ile ya Kijerumani, iliyokuwa imepandishwa pwani kwa matengenezo. Nahodha Mjerumani, Berndt, alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza Ulaya. Inasimuliwa kwamba aliruka kwenye mtumbwi, akapiga makasia kwa hasira kwenda kumuuliza rafiki yake kama amelewa. Akachukuliwa mateka. Ndivyo Vita Kuu ya Kwanza ilivyofika katika ziwa letu, siku chache tu baada ya kuanza Ulaya.

Wasichana walicheka kidogo habari ya mtumbwi. Kisha binti yangu aliuliza, "Mwalimu, na watu wa hapa kijijini walikuwa wapi mizinga ilipokuwa ikilia?" Mwalimu alisema hilo ndilo swali la mchana. Vitabu vinataja majina ya meli na ya manahodha. Mengine itabidi wawaulize wazee.

Tuliingia kwanza kanisani. Liuli ni misheni ya zamani ya Waanglikana, na hospitali yao inahudumia watu mpaka leo. Hapo amezikwa William Percival Johnson, anayeitwa na wengi Mtume wa Ziwa Nyasa. Alifika Afrika mwaka 1876, akiwa kijana. Macho yake yaliugua, akabaki na uoni mdogo sana, lakini hakurudi kwao. Alitembea vijiji vya mwambao huu na kuitafsiri Biblia kwa Kinyanja, mpaka alipofariki hapo Liuli mwaka 1928.

Mwenzake, Chauncy Maples, hakupata miaka hiyo. Alifanywa askofu mwaka 1895, na mwaka huohuo, Septemba, mashua yake ilizamishwa na dhoruba ziwani, akafa maji. Wamisionari waliipa meli yao jina lake. Iliundwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande, na ilielea ziwani mwaka 1901. Ilikuwa shule na zahanati ya kusafiri.

Mwalimu alipotaja kufa maji, nilitoka nje nikasingizia joto.

Swali la Bibi

Mchana wasichana waligawanywa makundi, kila kundi na mzee wake. Kundi la binti yangu lilipangiwa bibi mmoja aliyekuwa akianika usipa kwenye kichanja kando ya nyumba yake. Niliwafuata.

"Shikamoo bibi," wakasema kwa pamoja. "Marahaba wajukuu zangu. Kaeni, lakini mnisaidie kufukuza kunguru."

Aliwasimulia aliyoyapokea kwa bibi yake. Mizinga ilipolia watu walikimbilia vilimani na watoto mgongoni. Baadaye wakaja wanaotafuta wapagazi, wale walioitwa tengatenga, wabebe mizigo ya askari. Wanaume wengi walikwenda na hawakurudi. Wake zao walibaki wakilima peke yao, hawajui kama ni wajane au la. Waliorudi walikuja na mwendo wa kijeshi miguuni, na vijana wakaufanya ngoma. Mpaka leo mganda huchezwa kwa mistari kama gwaride, wachezaji wamevaa sare, na wakubwa wa ngoma wana vyeo kama vya askari. Wanawake wana kioda yao. Bibi alisimama akawaonyesha hatua mbili tatu, na kunguru wakapata nafasi ya kula.

Alipokaa tena alinitazama kwa muda. "Mama Nesi, wewe ni wa nani?"

Nikamtajia jina la baba yangu na kijiji. Akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Basi wewe ni mdogo wake yule kijana aliyechukuliwa na mwera."

Mwera ni upepo mkali wa kusini. Mwaka 1991, nikiwa na miaka kumi na moja, kaka yangu mkubwa alikwenda usiku na wenzake kuvua usipa kwa taa ya karabai. Alikuwa na miaka kumi na saba. Mwera uliinuka kabla ya alfajiri. Mitumbwi miwili ilirudi, wa kwake haukurudi. Mama yangu alikaa ufukweni siku nne. Siku ya tano alifunga mizigo, akatupandisha Mbinga kwa mjomba wake, na akakataza jina la kaka lisitajwe nyumbani. Tulimtii. Watoto wangu watatu wamekua bila kujua kwamba waliwahi kuwa na mjomba huyo.

Bibi akamgeukia binti yangu. "Na huyu?"

"Ni binti yangu."

"Anajua habari za mjomba wake?"

Sikujibu. Binti yangu alishika kalamu lakini hakuandika kitu.

Usiku, wenzake walipolala, alikuja kukaa nami nje ya bweni. Ziwa lilikuwa limetulia, na mbali taa za wavuvi zilionekana kama mji. Akauliza, "Mama, kwa nini hukuwahi kutuambia?"

"Bibi yako alikataza."

"Lakini bibi alifariki mwaka 2009."

Wenzangu, ni kazi yangu kuwaambia ndugu wa wagonjwa habari nzito. Nimeifanya zaidi ya miaka ishirini. Lakini kwa swali la mtoto wangu mwenyewe sikuwa na jibu. Basi nilianza mwanzo. Nilimwambia jina la kaka, na alivyopenda kupiga mluzi, na alivyonifundisha kuelea juu ya maji kwa kunishika mgongoni kwa kiganja kimoja. Nililia, naye akalia, kisha akaniuliza mambo mengine mengi, na nikamjibu yote. Kabla ya kwenda kulala aliniomba ruhusa aliandike jina hilo katika ripoti yake ya safari. Nikamwambia aliandike.

Asubuhi ya tatu tuliteremka naye mpaka majini. Nilivua viatu nikasimama mpaka maji yakafika magotini. Nilikuwa sijayagusa maji yale kwa zaidi ya miaka thelathini. Yalikuwa ya vuguvugu.

Kwa Akina Mama Wenzangu

Wengi wenu mtaletewa barua kama ile. Nawaombeni msiifiche chini ya kitambaa. Nimeyaona yafuatayo yanasaidia:

1. Jiulizeni kama mnakataa kwa sababu ya mtoto au kwa sababu ya jambo lenu wenyewe. Kama ni jambo lenu, mtoto asilipie.

2. Fedha zianze kukusanywa mapema, kidogo kidogo. Wazazi wengine wa Mbinga walitoa mahindi na maharage, na ndiyo tuliyokula siku ya kwanza jioni na siku zilizofuata.

3. Ulizeni habari za usalama bila haya. Je, walimu wa kike wapo? Watalala wapi? Kama watapanda chombo cha majini, je, kila mmoja atavaa jaketi la kuokolea maisha? Sisi tulikubaliana kwamba hakuna atakayepanda mtumbwi, na hakuna aliyepanda.

4. Watoto wa milimani hawajazoea malaria ya ziwani. Kila mmoja awe na chandarua chenye dawa na nguo ya mikono mirefu kwa jioni. Wasiingie kwenye maji yaliyotulia yenye majani, maana ndiko waliko konokono wa kichocho. Zaidi ya yote, wakisharudi, homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo. Msichana wetu mmoja alipata homa siku ya kumi baada ya safari. Mama yake angeweza kusema ni mafua, lakini alikumbuka tulivyomwambia, akampeleka kupima. Ilikuwa malaria, akatibiwa kwa dawa ya mseto, akapona.

5. Kabla mtoto hajaondoka, mwambieni mnayoyajua kuhusu mahali anakokwenda. Nani wa ukoo alizaliwa huko, nani alifia huko, kwa nini mlihama. Mambo hayo hayamo vitabuni. Msipoyasema ninyi, atayasikia kwa mtu mwingine mbele ya wenzake, kama alivyoyasikia wangu.

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi, na kutembea kwingi ni kuona mengi zaidi. Mabinti zetu walirudi na daftari zilizojaa, na yule aliyeona kuku mahali pa simba ameuchora mchoro wake, umebandikwa darasani. Ripoti ya binti yangu ilisomwa mbele ya shule. Kwanza walitajwa Rhoades na Berndt, kisha Johnson na Maples, kisha tengatenga wasio na majina, na mwisho mjomba wake, kwa jina lake kamili. Kaka zake wawili, niliowasimulia habari hiyo jioni ile tuliporudi, walikuwa wamekaa nyuma ya ukumbi wakisikiliza.

Sasa imekuja barua nyingine. Safari hii wanakwenda Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, kuona mahali walipozikwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906. Nimekwisha kutia sahihi.